Mbuzi Haina pa Kukaa: Kisa cha Jiko Moja la Ngamiani, Tanga

Siku niliyoitwa kulitazama jiko hili nilimkuta mama mwenye nyumba amekaa juu ya mbuzi kwenye korido, sinia mbele yake, anakuna nazi. Nikamwamkia. “Marahaba mwanangu, karibu. Pita pembeni usije ukanimwagia nazi yangu.” Hatua tatu nyuma yake lilikuwapo jiko jipya: kisiwa katikati, yaani kaunta iliyosimama peke yake, makabati meupe yanayong'aa kama sahani, granaiti nyeusi, vitaa vya LED chini ya kabati la juu. Lilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Nikamuuliza mbona hakunii ndani. Akajibu bila kuinua uso: “Humo ndani mbuzi haina pa kukaa.”

Kazi yangu ni kuchora na kusimamia majiko ya nyumbani hapa Tanga. Siku ile nilikuwa nimeitwa kwa jambo jingine kabisa. Milango ya makabati ilikuwa imekataa kufunga, na bintiye mama, anayeishi Muscat, Oman, alitaka nibadilishe makabati na kuweka kaunta mpya nyeupe. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Ilichukua miezi minne, na tukaishia kulifufua jiko ambalo familia ilikuwa imeshaligeuza stoo. Nakieleza kisa hiki kwa ruhusa ya wenyewe, bila majina, kwa sababu naona kosa lililofanyika humo linarudiwa karibu kila mtaa ninaopita.

Nyumba yenyewe

Iko Ngamiani, kwenye zile barabara za nambari. Ni nyumba ya Kiswahili kama tunavyoijua: baraza mbele, korido inayonyooka hadi uani, vyumba vitatu kila upande, na mwisho wa ua kuna choo, bafu, stoo na jiko. Kuta za nyumba kubwa ni za mawe na chokaa, alizijenga baba mkwe wa mama. Za uani ni za tofali za saruji, ziliongezwa baadaye. Mama ni mwalimu mstaafu, ana miaka 67. Anaishi na wajukuu wawili na dada wa kazi. Ramadhani hupokea oda za mikate ya kumimina na vitumbua, kwa hiyo kuna mwezi mzima ambao moto wake hauzimiki.

Bintiye ndiye aliyetoa fedha za jiko la kwanza, na ndiye aliyetuma picha. Nimeziona picha hizo kwenye simu ya mama, zaidi ya arobaini. Nyingi ni za nyumba za Marekani na Uturuki: jiko lililofunguliwa hadi sebuleni, kisiwa chenye viti virefu, kila kitu cheupe, hakuna kishikio kinachoonekana. Fundi aliyepewa kazi alizifuata picha kwa uaminifu. Alivunja ukuta kati ya chumba cha kulala cha nyuma na sebule, akapiga plasta ya saruji, akaweka marumaru, akafunga makabati ya ubao wa MDF, akaleta kisiwa. Jiko la uani likajazwa magunia, baiskeli na kitanda kibovu.

Sitaki kumlaumu binti. Alikulia kwenye moshi wa uani, alimwona mama yake akipepea kuni kwa kifuniko cha sufuria huku machozi yanamtoka, na fedha alizotuma zilikuwa za upendo. Hilo nilimwambia mwenyewe kabla ya kumwambia jingine lolote.

Nilichokikuta

Nilianza na mtungi wa gesi, kwa sababu ndio ulionitisha. Mtungi wa kilo 15 ulikuwa ndani ya kabati, chini ya jiko la kupikia, mlango umefungwa, hakuna tundu hata moja la hewa. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani. Hushuka na kutuama chini kama maji, ikingoja cheche. Kabati lililofungwa ni kisima chake. Sikungoja mchoro wala bajeti. Siku ile ile tuliutoa uani penye hewa, nikapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Kwenye kiungo cha regulata povu likaanza kuchemka polepole, kitone baada ya kitone. Mama alikuwa amesimama begani kwangu, akaona.

Kisha makabati. Nilichomoa droo ya chini karibu na sinki nikapapasa ubavu wa kabati. MDF ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na maji yakiingia kwenye ukingo wake hautarudi tena ulivyokuwa. Ubao huu ulinunuliwa ukiwa na unene wa milimita 18. Tepu yangu ilisoma 27. Nilipobonyeza, kidole kilizama kama kwenye mkate uliochovywa chai. Bawaba zilikuwa nyekundu kwa kutu, na skrubu mbili nilizitoa kwa vidole. Juu ya ubao huo ilikuwa imelazwa granaiti ya sentimita 2, ambayo kila mita yake ya mraba ina kilo 54 hivi. Ilikuwa imeshapata ufa mwembamba kwenye kona ya sinki, pale inapokatwa na kubaki nyembamba, maana chini yake hapakuwa tena na kitu kigumu cha kuibeba.

Watu husema ni hewa ya bahari. Chumvi imo, na bawaba za chuma cha kawaida hazidumu Tanga. Lakini maji yaliyoivimbisha MDF yalitoka ukutani. Ukuta wa mawe na chokaa wa nyumba za zamani hauna tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani yake, na plasta ya chokaa huyaachia yatoke kidogo kidogo bila mtu kuona. Ukiufunika kwa plasta ya saruji na marumaru hadi juu, unyevu unakosa pa kutokea na kutafuta njia nyingine. Hapa njia ilikuwa nyuma ya makabati, yaliyobanwa ukutani bila hata nafasi ya kupitisha kidole. Nilipobandua marumaru moja nyuma ya sinki, plasta ilikuwa na chumvi nyeupe kama unga wa muhogo.

Hudi ya kuvuta moshi ilikuwa nzuri kwa macho. Haikuwa na bomba la kutoka nje. Ilikuwa ya aina inayovuta hewa, kuipitisha kwenye chujio na kuirudisha chumbani, na chujio lenyewe halikuwahi kubadilishwa. Akikaangwa nguru saa tano asubuhi, saa mbili usiku makochi bado yananukia nguru.

Lakini lililonishtua zaidi mama alilieleza kama jambo la kupita. Masika iliyotangulia alitaka wali wa kupalia. Wali wa nazi huuanza kwenye gesi, maji yakikauka huufunika na kuupalia makaa juu na chini. Jiko la uani lilikuwa limejaa vitu na mvua inanyesha, basi akaingiza seredani ndani na kufunga madirisha ya aluminiamu. Baada ya muda kichwa kikaanza kumgonga, dada wa kazi akapata kizunguzungu. Wakatoka nje, wakapata nafuu, wakasema ni joto. Halikuwa joto. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kitambo. “Na mjukuu alikuwa kalala chumba cha pili,” akasema.

Taifa letu lina Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ila mpishi anayepalia wali kila Ijumaa haachi kupalia kwa sababu umemjengea jiko lisilo na pa kuweka makaa. Atayaingiza makaa pasipofaa.

Kisiwa kilivyomeza sakafu

Chumba kina mita 3 kwa 3.9. Makabati ya ukutani yalichukua sentimita 60, kisiwa kikachukua 90, ikabaki mita moja na nusu igawanywe pande mbili za kisiwa: 75 huku, 75 kule. Vipimo vinavyofuatwa na wachoraji wa majiko Marekani vinataka njia iwe na sentimita 107 kwa mpishi mmoja na 122 kwa wapishi wawili. Humu ndani wapishi ni wawili kila siku, Ramadhani ni wanne. Mlango wa oveni ukifunguliwa, aliye upande wa dirisha hawezi kutoka. Na hakuna mita moja ya sakafu ambapo mwanamke anaweza kuketi, akanyoosha mguu, akaweka sinia.

Hapa ndipo nadhani tunapojidanganya kuhusu neno “kisasa”. Jiko la mjini la leo, lenye kaunta ndefu, makabati yaliyopangiliwa na kila kitu karibu na mkono, asili yake kubwa ni jiko la Frankfurt la 1926, lililobuniwa na mwanamke wa Austria aitwaye Margarete Schütte-Lihotzky. Lilikuwa na mita 1.9 kwa 3.4. Lilipimwa kwa ajili ya mtu mmoja anayepika peke yake katika nyumba ndogo za kupanga, na yapata elfu kumi yalijengwa. Miaka ya 1940 Chuo Kikuu cha Illinois kikaja na pembetatu ya sinki, jiko na friji, kwamba jumla ya pande zake isizidi mita 7.9. Hiyo nayo ni hesabu ya hatua za mtu mmoja aliyesimama. Ni hesabu nzuri na naitumia. Lakini jambo moja la Frankfurt limesahauliwa: Bi Schütte-Lihotzky aliweka humo kiti cha kuzunguka, ili mpishi afanye kazi ya mikono ameketi. Kumenya na kukatakata alitaka kufanyike kwa kukaa. Waliokuja baadaye wakachukua kaunta, wakaacha kiti.

Sisi hatukuhitaji kufundishwa kukaa. Hesabu kazi za chakula kimoja cha mchana cha nyumba hii: kuchambua mchele kwenye ungo, kukuna nazi, kuchuja tui, kuparua samaki, kumenya vitunguu, kuchambua mchicha. Nilikaa na saa siku moja, mama akanivumilia. Kati ya saa mbili na dakika kumi alizotumia, saa moja na dakika ishirini alikuwa ameketi. Jiko la kwanza lilijengwa kwa zile dakika hamsini.

Mazungumzo ya Muscat

Nilimpigia binti kwa video, mama akiwa pembeni. Nilimwonyesha ubao uliovimba, mtungi, ufa wa granaiti. Nikamwambia maoni yangu: tukitoa kisiwa na kulirudisha jiko la uani likiwa limekarabatiwa, mama atapata nafuu kuliko makabati mapya. Akakasirika, kwa heshima.

“Fundi, samahani, mimi sitaki turudi nyuma. Mle ndani ya ua mimi napajua. Mama amekohoa mle miaka thelathini.”

Nikamuuliza, “Dada, hapo mnapokaa samaki mnamkaangia wapi?”

“Jiko la nje.”

“Lina nini jiko hilo la nje?”

Akaanza kutaja: jiko kubwa la gesi, sinki, feni ya kutoa moshi, kabati la sufuria za shughuli. La ndani ni la chai na la wageni. Alipofika hapo akasita mwenyewe. Mama akapaza sauti kutoka nyuma yangu: “Kumbe na huko wana uani!”

Majiko mawili ni jambo la kawaida kwenye nyumba za Ghuba. Na miaka ya karibuni ndio mtindo unaopendwa Marekani na Australia pia: wenye nyumba walioondoa kuta zote ili jiko na sebule viwe kitu kimoja sasa wanaongeza jiko la pili la nyuma, la kukaangia na la vyombo vichafu, ili lile la mbele libaki safi. Nilimtumia binti picha kumi za majiko hayo. Nikapiga na picha ya ua wa mama yake, nikaiweka katikati yao. Siku mbili baadaye akaandika: “Sawa fundi. Ila moshi sitaki kuusikia.”

Upepo

Tulitoa magunia. Chini yake ilikutwa sakafu nyekundu ya saruji, ile ya kusugua kwa nta, imefifia lakini haina ufa. Sikutaka hata kuizungumzia habari ya marumaru. Chumba kina mita 2.4 kwa 3.6, kimefungwa pande tatu, upande wa mashariki ukuta ni nusu, paa la bati la chini mno.

Nilitaka kujua kwanza moshi ulikuwa unakwenda wapi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini na kaskazini-mashariki. Misimu ni miwili, lakini pepo zote mbili huegemea mashariki. Jiko hili liko pembe ya magharibi ya ua, nyumba ikiwa upande wa mashariki. Aliyelijenga alipanga moshi uondoke kwenye nyumba mwaka mzima. Kosa lake lilikuwa moja, kuuzibia mlango wa kutokea: ukuta wa nyuma ulifika hadi kwenye bati bila tundu, moshi ukafika pale ukageuka, ukarudi usoni kwa mpishi. Hiyo ndiyo miaka thelathini ya kukohoa.

Tulipandisha paa hadi mita 2.9, tukaacha wazi sentimita 30 juu ya ukuta wa magharibi, chini yake tukajenga mistari miwili ya matofali ya matundu. Pembeni tukajenga meko ya mkaa yenye dohani inayotoka nusu mita juu ya bati. Siku ya kwanza niliwasha makuti mabichi makusudi ili yatoe moshi mzito. Ulivutwa, ukatoka. Nilirekodi video nikaituma Muscat bila maneno.

Baraza ya mbuzi

Hapa ndipo tulipotumia muda mrefu kuliko kote, na ndipo ninapopapenda.

Mama ana magoti mabovu. Mbuzi ya kawaida inamkalisha sentimita kumi na tano hivi kutoka sakafuni, na kuinuka ni lazima ashike mlango. Kumkalisha kwenye kiti kirefu hakufai, kwa sababu mbuzi ni lazima ikandamizwe na uzito wa anayeikalia, na sinia iwe karibu na meno yake, la sivyo nazi inaruka. Nikaamua kumjengea baraza ya kukalia yenye mbuzi yake; nikaleta matofali na ubao, tukajaribu kimo chake. Kwa kimo cha 45 visigino vyake viliinuka. Kwa 40 alisema paja linabanwa. Tukatoa tofali, tukaweka vipande vya mbao, tukashuka hadi 37. Akakuna nusu ya nazi kimya. Kisha akasema, “Sinia iko mbali.” Basi mbele ya baraza, katikati, tukaweka kijukwaa cha kimo cha sentimita 18 na upana wa 35, sinia inakaa juu yake na miguu inapita kulia na kushoto. Akakuna nusu iliyobaki. Haikuruka hata chicha.

Tukaijenga hivyo hivyo kwa zege, urefu wa mita 1.8 ili wakae wawili, uso wa terazo, yaani saruji yenye vipande vya mawe meupe, iliyosagwa kwa maji hadi ikalainika. Ubao wa mbuzi ni wa mtiki, umefungwa kwa boliti mbili za chuma cha pua na unatoka ukitaka kuosha. Terazo sasa imerudi kwenye majarida ya mapambo duniani kote, na binti alifurahi kuiona. Mimi nilifurahi kwa kuwa mchwa hauli na maji hayaivimbishi.

Kaunta nazo zikawa na vimo viwili. Kiwiko cha mama akiwa amesimama kiko sentimita 96 kutoka sakafuni, na kaunta ya kukandia hufaa iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Ile ya zamani ilikuwa 92, alikuwa anakanda mabega juu. Ya kukandia tukaiweka 82. Ya sinki, anayoitumia zaidi dada wa kazi ambaye ni mrefu, 90. Chini yake badala ya MDF ni nguzo za tofali zilizopigwa plasta, na milango ya mtiki uliotoka Longuza, Muheza, yenye mapezi ya kupitisha hewa. Vyombo vizito viko kwenye droo pana zinazovutika hadi mwisho. Mtindo huo wa droo badala ya makabati ya chini nausifu bila kusita, kwani mtu mwenye magoti mabovu hapigi tena magoti kutafuta kifuniko.

Jiwe jeupe ambalo hatukuliweka

Binti alitaka kwatzi, lile jiwe la kiwandani. Halina doa, halinyonyi mafuta, na aliye na kaunta yake nyumbani hana cha kuogopa. Hatari iko kwa anayelikata. Kwatzi ya kiwandani huweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90, na vumbi lake likiingia kifuani huleta silikosisi, mapafu kuwa na makovu yasiyopona. Australia ilipiga marufuku jiwe hilo kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya vijana waliougua wakilikata. Mimi nawaona vijana wetu wanavyokata: grainda kavu, shati limefungwa puani, wingu jeupe hadi barabarani. Sikuwa tayari kuagiza kazi hiyo, na nilimwambia hivyo. Hakubishana. Granaiti nayo ina silika, pungufu zaidi, na tulipoikata tulikata kwa maji, kijana akiwa na barakoa ya kazi hiyo.

Mawe meupe ya marumaru halisi niliyakataa kwa sababu nyepesi zaidi: ndimu na ukwaju huyala. Terazo nayo huliwa, ndiyo maana ipo kwenye baraza na haipo mahali pa kukatia samaki.

Maji machafu yanahitaji neno. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai Tanga hufika huko. Mabaki ya tui yalikuwa yameganda kwenye bomba la jiko la kwanza hadi likabaki tundu la kalamu. Sinki la uani sasa humwaga kwanza kwenye chemba ndogo ya kunasa mafuta, sentimita 40 kwa 40, yenye kifuniko, ambayo dada wa kazi huisafisha kila Jumamosi.

Nilipokosea mimi

Upande ule wa mashariki ulioachwa wazi unapokea upepo mzuri, na Aprili ulipokea mvua. Masika ilipoanza, kusi ikaisukuma mvua hadi juu ya meko. Nilikuwa nimefurahia sana hesabu ya moshi, nikasahau kwamba upepo huo huo huleta maji. Mama alipika siku tatu akiwa na kanga mabegani. Tuliongeza bati sentimita 70 mbele, na kwenye kona ya kusini-mashariki tukapandisha ukuta wa matofali ya matundu hadi kimo cha kichwa. Gharama hiyo niliibeba mimi. Na milango ya mapezi inakusanya unga wa ngano. Dada wa kazi ameniambia wazi kwamba haipendi, kuipangusa ni kazi ya pezi moja moja. Nikijenga nyingine nitaweka wavu.

Chumba cha ndani kilibanduliwa plasta ya saruji hadi mita moja na robo kutoka chini, kikapigwa chokaa, kikaachwa kikauke wiki saba. Sasa kina friji, birika, oveni, na kabati moja la mtiki lenye miguu ya sentimita 15, lililokaa mbali na ukuta kwa upana wa vidole vitatu, lililopakwa kijani cha jani la mgomba. Vitaa vya LED vilibaki. Ni vizuri, na mama huviacha viwake usiku mjukuu akiamka kunywa maji. Kazi yote ya pili iligharimu chini ya nusu ya ile ya kwanza, kwa kuwa sinki, oveni na granaiti vilikuwapo tayari.

Kisiwa tulikikata. Bamba lake lilikuwa mita 1.5 kwa sentimita 90. Sentimita 60 za upana zikawa kaunta ya kukandia ya uani. Ukabaki mkanda wa sentimita 30. Mita moja yake ni rafu ya viungo nyuma ya meko. Kipande cha mwisho, nusu mita, nilitaka kukitupa. Mama akaniomba, akakiosha kwa kumbi la nazi, na sasa kiko juu ya baraza karibu na mbuzi. Anakaa hapo asubuhi, anakuna, kisha anajisogeza tu upande wa pili bila kuinuka na kusukumia chapati juu yake.